KITABU CHA PICHA NA JIKO LA BIBI

(Haya ni maelezo yaliyosomwa redioni juma hili. Tunayachapa, kama ilivyo desturi ya safu hii, kwa faida ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia.)

Jumapili iliyopita jioni nilikuwa nimeketi mlangoni, upande wa uani, na mjukuu wangu wa miaka sita. Umeme ulikuwa umekatika tangu adhuhuri, televisheni imenyamaza, na mtoto hakuwa na la kufanya. Nikamtolea kitabu cha picha ambacho mama yake alikuwa amekiazima. Kilikuwa kitabu chembamba, maneno machache, picha kubwa za rangi. Kilihusu msitu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na miti, ndege, swala na kijito. Kadiri tulivyofunua, miti ilipungua, moshi wa tanuri za mkaa ukaongezeka, na kile kijito kikabaki tope tupu. Katika ukurasa mmoja alichorwa mkata miti mwenyewe: jitu la macho mekundu na meno ya nje, limeshika shoka.

Mjukuu wangu alilitazama lile jitu kwa muda mrefu. Kisha akageuza shingo akatazama uani, ambako bibi yake alikuwa ameinama akipepea jiko la mkaa ili tupate ugali wa usiku. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Babu, kwani bibi ni mtu mbaya?"

Ndugu msikilizaji, nilikosa jibu. Nikajifanya sikusikia. Lakini swali lile limekaa nami juma zima, na leo nataka tulizungumze kwa pamoja, kwa sababu naona linagusa jambo kubwa kuliko nyumba yangu. Siku hizi kila mtu anasema watoto wafundishwe kutunza mazingira tangu wakiwa wadogo. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee wetu, nao hawakukosea. Na wengi wetu tunakubali kwamba vitabu vya picha ni njia nzuri ya kumkunja huyo samaki. Swali ni hili: tunamkunja kuelekea wapi? Tunamfundisha mtoto kuona, au tunamfundisha kulaumu?

Kwanza tuelewane kuhusu kitabu cha picha chenyewe, maana wengi wetu tunakidharau. Tunadhani ni kitabu cha watoto wasiojua kusoma, kitu cha kuwanyamazisha kama pipi. Sivyo.

Kitabu cha picha si sawa na kitabu chenye picha. Kitabu cha historia cha darasa la sita kina picha, lakini ukizifuta, somo linabaki palepale. Kitabu cha picha ukikifuta picha, hadithi inavunjika, kwa sababu kazi ya kusimulia imegawanywa kati ya maneno na michoro. Maneno yanasema hili, picha inasema lile, na anayeyaunganisha ni mtoto.

Tuchukue mfano wa kubuni. Maneno ya ukurasa mmoja yanasema kwamba asubuhi Asha alikwenda kuteka maji. Picha inamwonyesha Asha na ndoo yake, na nyuma yake mti mkubwa uliojaa viota. Unafunua ukurasa. Maneno yanasema kwamba siku ya pili Asha alikwenda tena kuteka maji. Basi, hakuna zaidi. Lakini pichani mti haupo, kuna kisiki. Mwandishi hakutaja mti wala ndege. Ni mtoto atakayeruka na kupiga kelele, "Mti uko wapi? Na wale ndege je, wamelala wapi?" Hapo hapo somo limeingia. Hakuna aliyemhubiria. Amegundua mwenyewe, na mtu hasahau alichogundua mwenyewe.

Linganisha na darasani. Mwalimu anauliza, "Mazingira ni nini?" Watoto themanini wanajibu kwa sauti moja, "Mazingira ni vitu vyote vinavyotuzunguka!" Jibu ni sahihi kabisa. Kisha kengele inalia, watoto wanatoka mbio, na vifuko vya ubuyu vinatupwa mtaroni mbele ya macho ya mwalimu yule yule. Mtoto hana kosa. Alifundishwa neno, hakuonyeshwa kitu. Hakuna aliyemwonyesha kwamba ule mtaro nao ni mojawapo ya hivyo vitu vinavyotuzunguka.

Sasa, ndugu msikilizaji, niruhusu nikupeleke Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, mwezi Septemba mwaka 1970. Katika hoteli moja ya watalii alifikia Mmarekani wa miaka 66, Theodor Seuss Geisel, ambaye watoto wa kwao walimfahamu kwa jina la kalamu la Dr. Seuss. Mtu huyu alikuwa amechukizwa na jinsi miti ilivyokuwa ikikatwa na majengo kusambaa karibu na kwake, huko California, na alitaka kuandika kitabu cha watoto juu ya jambo hilo. Lakini kilimshinda. Kila alichoandika kilikuwa kikavu kama hotuba ya mkutano. Mkewe akamshauri wasafiri. Siku moja pale hotelini akawaona tembo wakipita kwa mbali mlimani, na akili ikafunguka. Akachukua karatasi iliyokuwa karibu, nayo ilikuwa orodha ya nguo za dobi, akaandika sehemu kubwa ya kitabu kizima kwa alasiri moja.

Kitabu hicho ni The Lorax, kilichotoka mwaka 1971. Pengine hakuna kitabu cha picha juu ya mazingira kilichosomwa na watoto wengi zaidi duniani kuliko hicho. Kinasimulia habari za mfanyabiashara aliyefika katika bonde lenye miti ya kupendeza, akaanza kuikata ili afume vazi lisilo na kazi ya maana. Kiumbe mfupi mwenye masharubu mapana, ndiye huyo Lorax, anajitokeza kuisemea miti. Hasikilizwi. Miti inakwisha, wanyama wanahama, kiwanda kinafungwa. Mwishoni inabaki mbegu moja tu, nayo anakabidhiwa mtoto.

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha maoni yao kwamba huenda Lorax mwenyewe ametokana na mnyama wa kule kule Laikipia: aina ya tumbili mwenye manyoya mekundu na masharubu meupe, ambaye sehemu kubwa ya chakula chake ni utomvu wa migunga yenye vinundu. Tumbili huyo haiharibu migunga. Anaitegemea. Kama watafiti hao wamepatia au wamekosa, sisi hatuna haja ya kubishana nao. Linalotuhusu ni kwamba kitabu kinachowafundisha watoto wa Ulaya na Marekani kupenda miti kiliandikwa katika ardhi yetu ya Afrika Mashariki, huku watoto wa ardhi hiyo wengi hawajakiona.

Kitabu hicho kina visa viwili ambavyo ningependa tuvitafakari.

Kisa cha kwanza ni cha ziwa. Toleo la awali lilikuwa na mstari unaolitaja Ziwa Erie, lililo mpakani mwa Marekani na Kanada, kama mfano wa maji machafu. Na kweli lilikuwa chafu. Mto mmoja unaomwaga maji yake humo, mto Cuyahoga, ulikuwa na mafuta na taka nyingi kiasi kwamba mwaka 1969 uliwaka moto. Lakini miaka zaidi ya kumi baadaye, baada ya sheria kukazwa na kazi kufanyika, hali ya ziwa ikawa imebadilika. Watafiti wawili wa jimbo la Ohio wakamwandikia Dr. Seuss barua kumweleza hivyo. Naye akakubali, na mstari ule ukaondolewa katika matoleo yaliyofuata.

Fikiria jambo hilo. Kitabu cha watoto kilirekebishwa kwa sababu maji yalisafishwa! Sisi tunapowasimulia watoto habari za mazingira, mara nyingi tunawapa habari za msiba tu: misitu inakwisha, bahari inachafuka, mvua inapotea. Yote ni kweli. Lakini mtoto anayesikia msiba tu hufanya kama tunavyofanya sisi wakubwa tukisikia msiba tusioweza kuuzuia: anasikitika, kisha anakwenda kucheza. Anahitaji kusikia pia kwamba kilichoharibiwa na mikono ya watu kimewahi kutengenezwa na mikono ya watu.

Kisa cha pili kinarudi moja kwa moja kwenye jiko la bibi. Mwaka 1989, katika mji mdogo wa Laytonville, California, ambao watu wake wengi waliishi kwa kazi ya mbao, watoto wa darasa la pili walipewa kitabu hicho wakisome. Wazazi waliojishughulisha na biashara ya mbao wakalalamika. Walisema kitabu kinawafanya watoto waone kwamba baba zao, wanaoamka alfajiri kwenda kukata magogo ili watoto hao hao wale, ni wahalifu. Wakataka kiondolewe katika orodha ya vitabu vya lazima. Bodi ya shule ilikataa, na kitabu kikabaki.

Mimi nadhani bodi ile ilifanya haki kukibakiza. Lakini nadhani pia kwamba malalamiko ya wazazi wale yasichukuliwe kuwa upuuzi. Mtoto wa miaka saba hana mizani ya kupima. Ukimchorea jitu lenye shoka, atamtafuta jitu huyo, na atamtafuta karibu, maana dunia yake ni ndogo. Atampata baba yake. Atampata bibi yake na kipepeo mkononi.

Tuseme ukweli kuhusu mkaa. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilikadiria kwamba Tanzania ilikuwa ikitumia karibu tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na kwamba karibu nusu yake ilichomwa hapa Dar es Salaam. Kwa hiyo huwezi kuzungumzia misitu ya Pwani na Morogoro bila kuzungumzia majiko ya Manzese na Mbagala. Hilo mtoto anapaswa kulijua, nasi tusimfiche. Lakini anapaswa kujua pia kwa nini bibi anapika kwa mkaa. Mkaa unanunuliwa kwa kopo, kwa pesa ya leo, kwa chakula cha leo. Mtungi wa gesi ukiisha unadai fungu zima la fedha kwa mara moja, na mwenye kipato cha kubangaiza hana fungu zima. Bibi hauchukii msitu. Bibi anahesabu shilingi. Kitabu kitakachomwonyesha mtoto mti na shilingi kwa pamoja kitakuwa kimemwambia kweli. Kitakachomwonyesha jitu kimemdanganya, hata kama nia ilikuwa njema.

Je, inawezekana kumfundisha mtoto kuheshimu mti bila kumtafutia adui? Inawezekana. Tena tulikuwa tukifanya hivyo zamani, kabla hata ya vitabu.

Marehemu Profesa Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, wilaya ya Nyeri, Kenya. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2006 anasimulia kwamba alipokuwa mtoto, mama yake alimtuma kuokota kuni, lakini akamwonya asiokote hata kijiti kimoja kutoka kwenye mugumo, kwa kuwa mugumo ni mti wa Mungu. Karibu na mti huo palikuwa na chemchemi, na ndani ya kijito chake mtoto Wangari aliona mayai ya chura yaking'aa kama shanga. Alijaribu kuyachota kwa mikono ili ayavae shingoni, na kila mara yalimponyoka. Miaka ilipita. Akasoma, akavuka bahari, akarudi. Siku moja akakuta mugumo umekatwa. Na kijito? Kimekauka. Hapakuwa tena na mayai ya chura.

Sasa akiwa msomi wa elimu ya viumbe, akaelewa kile ambacho mama yake alikuwa akikilinda bila kukieleza kwa maneno ya darasani: mizizi ya mugumo inapenya chini hadi kwenye maji yaliyofichika, na kuyapa njia ya kutoka juu. Kukata mti ule kulikuwa ni kuiziba chemchemi.

Tazama jinsi somo lile lilivyojengwa. Mama hakumwambia mtoto, "Tunza mazingira." Alimwonyesha mti mmoja, wenye jina, mahali panapojulikana. Mtoto akapata chemchemi ya kuchezea na shanga za kushangaa. Hapakuwa na jitu. Palikuwa na kitu cha kupenda, na palipokosekana kitu hicho moyo uliuma. Uchungu huo ni mojawapo ya mizizi ya kazi aliyoianza mwaka 1977 ya kuwahamasisha wanawake wa vijijini wapande miti, kazi iliyozaa mamilioni ya miti na kumpatia Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, miaka saba kabla hajafariki.

Habari za mama huyu zimeandikwa katika vitabu vya picha si kimoja wala viwili. Mwaka 2008 kilitoka kimoja Marekani, na mwaka 2010 kikatoka kingine kiitwacho Mama Miti, ambacho mchoraji wake alibandika vipande vya vitambaa vya maua ndani ya picha zake, hata ukurasa ukawa kama kitenge. Ni kitabu kizuri sana. Lakini angalia jambo hili: jina la kitabu ni la Kiswahili, mhusika ni Mkenya, miti ni ya kwetu, na hadithi yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa New York. Mtoto wa huko anamfahamu Mama Miti kuliko mtoto wa Temeke au Kisauni. Siwalaumu waliokiandika. Wao wamefanya kazi yao. Nauliza kama sisi tumefanya yetu.

Hatuwezi kusema kwamba hakuna kilichofanyika. Hapa Tanzania, mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, wakati ambapo kitabu cha hadithi cha Kiswahili kwa mtoto kilikuwa adimu madukani. Njia yao ilikuwa rahisi kueleweka. Mchapishaji anaogopa kuchapa kitabu cha watoto kwa sababu hajui kama kitanunuliwa. Basi Mradi unanunua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka shuleni, na zinazobaki mchapishaji anaziuza. Waandishi na wachoraji nao walipewa mafunzo. Mwaka huo huo wa 1991, hapa hapa Dar es Salaam, wanafunzi 12 walikutana nyumbani kwa Dakta Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, na mkutano huo mdogo ukazaa vikundi vya vijana vya kutunza mazingira na wanyama ambavyo baadaye vilienea katika nchi nyingi. Kwa hiyo mbegu tunazo. Tena mbegu zilizochipuka kwetu na kuota kwa wengine.

Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni vitabu vya mtoto wa mjini. Vitabu vingi juu ya mazingira vinamchorea mtoto tembo, simba na msitu mnene. Ni vizuri. Lakini mtoto wa Buguruni hatakutana na tembo kesho asubuhi. Atakutana na mtaro, kunguru, mbu, jaa la taka na mwembe mmoja uliobaki nyuma ya gereji. Kama kitabu kinamwambia kwamba mazingira yako Serengeti, atahitimisha kwamba mazingira si kazi yake.

Hebu fikiria kitabu kimoja ambacho bado hakijaandikwa, au kama kimeandikwa mimi sijakiona. Ukurasa wa kwanza: mtoto anakunywa maji, anaitupa chupa tupu mtaroni. Ukurasa wa pili: mvua. Chupa inaelea, inapita chini ya daraja la miguu, inakutana na chupa nyingine. Ukurasa wa tatu: zimefika Mto Msimbazi. Sasa mchoraji aonyeshe mto wenyewe, unaoanzia huko juu kwenye vilima vya Pugu ukiwa safi, unaoshuka Kinyerezi, Tabata na Kigogo, ukafika bonde la Jangwani, ukaingia baharini pale Daraja la Salenda, penye mikoko. Ukurasa unaofuata: zile chupa zimekwama, zimeziba, maji hayana pa kupita. Yanageuka. Yanarudi. Ukurasa wa mwisho: maji yamebisha hodi kwenye nyumba ya mtoto yule yule, nayo chupa yake imerudi naye kitandani.

Hapo hatujamchora jitu lolote. Tumemchora mtoto, chupa na maji. Na si uzushi. Wakazi wa jiji hili hawajasahau Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu wapatao 40 na maelfu wakabaki bila makazi, na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Mvua ile ilikuwa kubwa mno, na wala nisingedai kwamba chupa ndizo zilizoleta mafuriko. Watu walijenga mabondeni, na hilo lina sababu zake. Lakini mtaro ulioziba huifanya hata mvua ndogo kuwa na nguvu ya mvua kubwa, na hilo mtoto wa miaka sita anaweza kulielewa, ikiwa ataonyeshwa.

Kuna watakaosema, "Kwa nini tuhangaike na vitabu? Serikali ipige marufuku, mambo yaishe." Ni kweli sheria ina kazi yake. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki, ile tuliyoizoea kwa jina la rambo, ilipigwa marufuku nchini, na kwa muda mfupi tukajifunza kubeba vikapu kama bibi zetu. Kenya walikuwa wametangulia mwaka 2017, na Rwanda mwaka 2008. Lakini sheria ile ilikataza mfuko. Haikumfundisha mtu kufuata kwa macho njia ya taka kutoka mkononi mwake hadi baharini. Ndiyo maana mfuko umeondoka na chupa imekaa pale pale. Sheria huzuia kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mtu aliyefundishwa kuona hujizuia mwenyewe hata kwa kitu ambacho sheria haijakitaja.

Na kuna mfano wa kitabu kilichofanya hivyo bila vitisho. Nchini Gambia, katika kijiji cha Njau, mama mmoja aitwaye Isatou Ceesay na wenzake walianza mwaka 1997 kuokota mifuko ya plastiki iliyokuwa ikiua mbuzi wao kwa kuimeza. Wakaiosha, wakaikata kamba kamba, wakafuma vikoba na kuviuza. Mwaka 2015 habari yao ikatolewa kuwa kitabu cha picha. Mtoto anayekisoma anaona tatizo, anaona mbuzi, anaona aibu ya wanawake waliochekwa kwa kuokota taka, kisha anaona mikono ikifanya kazi. Akifunga kitabu, anataka uzi na sindano. Hiyo ndiyo alama ya kitabu kizuri: mtoto akikifunga, awe na la kufanya lenye ukubwa wa mikono yake.

Ndugu msikilizaji, wewe mzazi, babu, bibi, shangazi au mjomba, huenda unasema, "Maneno mazuri, lakini kitabu chenyewe bei yake ni chakula cha siku." Ninakubali. Picha za rangi ni ghali kuchapa, na hilo halitaondoka kwa hotuba yangu. Lakini zipo njia. Wapo wanaotoa hadithi za picha bure kwenye intaneti, kama African Storybook, iliyoanza kazi mwaka 2014, ambayo ina hadithi nyingi za Kiswahili; mwenye simu anaweza kuzisoma, na shule inaweza kuzichapa. Maktaba za umma zipo. Na kama vyote vimekosekana, chukua boksi la kadibodi, likate kurasa nane, tia uzi katikati, mpe mtoto penseli. Achore mtaa wake. Hakuna mchapishaji atakayemshinda kuujua.

Na unapomsomea, usiwe na haraka ya maneno. Acha kwanza aangalie picha. Muulize, "Unaona nini hapa? Ukurasa uliopita kulikuwa na nini?" Kisha mkifunga kitabu, tokeni nje mkaone kitu kile kile kwa macho, siku hiyo hiyo. Kama ni habari ya mti, mwonyeshe mti. Kama ni mtaro, mpeleke mtaroni. Na tafadhali, kabla ya yote, jiangalie wewe mwenyewe. Mtoto aliyesomewa kitabu cha taka usiku, akamwona baba yake asubuhi akirusha chupa nje ya dirisha la daladala, amesoma vitabu viwili. Wala usiwe na shaka atakifuata kipi.

Sasa mtaniuliza, je, yule mjukuu umemjibu? Nimemjibu, ingawa nilichelewa siku tatu. Nilimwita uani bibi yake akiwa jikoni. Nikamwambia kwamba bibi si mtu mbaya, bibi anatupikia. Nikamwonyesha mkaa, nikamwambia huu ulikuwa mti kama ule wa kitabuni, na kwamba hilo ni kweli, nalo linasikitisha. Kisha nikamwomba bibi mwenyewe aeleze. Naye, kumbe, ana elimu ambayo kitabu kile hakikuwa nayo. Akamwonyesha jiko lake lililozungushiwa udongo ndani, kwamba linashika joto na kula mkaa kidogo kuliko lile la bati tupu. Akamwambia maharage yanalowekwa usiku kucha ili yaive upesi. Akamwonyesha kufunika sufuria, na namna ya kuuzima mkaa uliobaki kwa majivu ili utumike kesho. "Kila kipande ninachokiacha leo," akamwambia, "ni tawi ambalo halijakatwa."

Tangu siku hiyo, loweka maharage ni kazi ya mjukuu wangu. Hasahau, na ole wako uache sufuria wazi mbele yake. Lile jitu la kwenye kitabu sijui limekwenda wapi. Jana nilimkuta akichora. Nilimwona bibi, nikaliona jiko, na pembeni yake mti, mkubwa kuliko nyumba. Nilimuuliza mti huo ni wa nini. Akasema ni wa bibi, ule ambao hajauchoma.